Onyo la Ukungu: Mvuvi wa Winslow Homer

Miongoni mwa picha za rangi ya mafuta zinazoonyesha taabu za wavuvi baharini, ni chache zinazoifikia The Fog Warning, yaani Onyo la Ukungu, aliyoichora Mmarekani Winslow Homer mwaka 1885 huko Prouts Neck, katika jimbo la Maine. Homer, aliyezaliwa Boston mwaka 1836, alipata jina kwanza kwa michoro ya magazetini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na akaigeukia bahari kwa dhati baada ya kuishi Cullercoats, kijiji cha wavuvi kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kati ya mwaka 1881 na 1882.

Picha inamwonyesha mtu mmoja ndani ya dori, mashua ndogo ya makasia yenye kitako bapa. Wavuvi wa zama hizo walizipanga dori juu ya sitaha ya jahazi na kusafiri nazo hadi Grand Banks, eneo la maji yenye kina kifupi karibu na Newfoundland lililosifika kwa wingi wa samaki, ambako zilishushwa na kutawanyika ili kutega kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Aliyezingirwa na ukungu kabla ya kurudi aliweza kulipoteza jahazi, na pamoja nalo chakula, maji na njia ya kwenda nyumbani.

Mvuvi wa Homer amegeuza kichwa kutazama upeo wa macho, ambako jahazi linaonekana dogo mno na ukungu umeanza kutanda, huku halibati, samaki bapa wakubwa wa maji ya baridi, wakiilemea tezi ya mashua. Samaki hao ndio riziki yake, na ndio mzigo unaomchelewesha. Wakati wachoraji wengi wa bahari walitegemea dhoruba na meli zinazovunjika, Homer alitegemea hesabu ya umbali, uzito na muda, na kwa hilo aliwazidi. (Aliyemwigia mvuvi huyo, kwa kweli, alikaa ndani ya dori iliyoegemezwa kwenye mchanga wa ufukweni.)

Mwaka huohuo wa 1885 Homer alichora Lost on the Grand Banks, ambamo wavuvi wawili tayari wamepotea. Onyo la Ukungu ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Boston mwaka 1894, miaka 16 kabla ya kifo cha mchoraji, na bado imo humo.