Zikri ya Waliokosa Nasaba

Sheria ilifuta utumwa Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Haikumpa mtu jina la babu. Mjini swali la kwanza lilibaki lile lile, wewe mtoto wa nani, na aliyeletwa mdogo kutoka bara hakuwa na la kujibu. Ni katika miaka hiyo hiyo zikri na maulidi vilipopamba moto.

Wanahistoria wamezieleza tarika, yaani njia za kisufi zilizoongoza zikri hizo, kwa upande wa siasa zaidi: nani aligombana na nani, na jinsi barua zilizodaiwa kutoka Makka mwaka 1908 zilivyowatia watawala wa Kijerumani kiwewe. Machozi wameyapita kando.

Mtazame Yahya bin Abdallah, yaani Sheikh Ramiya. Asili yake Manyema, mashariki ya Kongo; aliingia Bagamoyo angali mtoto, mtumwa katika nyumba ya liwali Amir bin Suleiman al-Lemki. Alipokuwa huru alianza kwa biashara ya samaki, akaja kumiliki minazi, huku akisoma. Mwishowe akapewa ijaza, yaani idhini ya kuongoza, ya Qadiriyya, tarika ambayo Sheikh Uways wa Barawa alikuwa ameshaieneza Unguja tangu enzi za Sayyid Barghash. Ijaza huja na silsila, majina ya masheikh mmoja baada ya mwingine hadi Abdulqadir Jilani wa Baghdad, na kutoka kwake hadi kwa Mtume. Aliyenyang'anywa ukoo akawa na ukoo ambao hakuna muungwana wa Bagamoyo angethubutu kuudharau. Alipofariki mwaka 1931, yeye ndiye aliyekuwa sheikh wa mji.

Na halka ya zikri yenyewe? Watu husimama bega kwa bega. Khalifa huanza kalima taratibu, viwiliwili vikiinama na kuinuka pamoja. Mwendo ukikolea maneno hupungua, ikabaki pumzi nzito ya kifuani, ndiyo maana wengine wakaiita zikri ya kukohoa. Juu ya pumzi hiyo mwimbaji hupandisha kasida. Anayelia haulizwi analilia nini. Kisha khalifa huikata kwa ishara, ikaletwa dua, Fatiha, na kahawa. Kwangu mimi, tiba ilikuwa hapo: mtu aliyeinamishwa mgongo na bwana maisha yake yote sasa anauinamisha kwa hiari yake, na kwa Mola peke yake.

Lamu ilipitia njia nyingine. Habib Saleh, sharifu kutoka Ngazija, aliwafundisha watumwa na wageni wa mtaa wa Langoni, watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wasomeshwe. Akaleta maulidi yaliyotungwa na mwalimu wake wa mbali, Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakasomwa kwa matari. Wanazuoni wa mji walilalamika: ngoma msikitini! Malalamiko hayo yalikuwa na hoja za fikihi, lakini sidhani kama ni fikihi tupu. Matari yaliwaweka watu wa chini katikati ya msikiti, na hilo ndilo lililouma.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930. Kila Mfunguo Sita maulidi yake bado husomwa katika msikiti wa Riyadha, wageni hufika kutoka pwani nzima, na matari hayajatoka msikitini.