Nyaya Zashukia Mombasa, Mishomoroni Twanunua Bando

Kuna jambo nikilisema barazani watu hucheka: intaneti ya Kenya, sehemu kubwa sana, inaingilia mlango wa hapa kwetu. Si Nairobi, ni Mombasa. Nyaya zinatoka chini ya bahari, zinashika ufuo wetu, kisha zinapanda bara. Na hapa Mishomoroni, mwendo wa tuktuk tu kutoka ufuo wa Nyali, bado kuna nyumba kibao zinazoishi kwa bando la siku. Mtoto ana assignment, mama anakwangua hamsini ya bando.

Yaani mto unaanzia kwako halafu maji unanunua kwa mtungi. Imekuwaje? Hebu turudi nyuma kidogo, maana mambo haya hayakuanza jana.

Mwaka 1879 kampuni ya Waingereza, Eastern and South African Telegraph Company, ililaza waya baharini kutoka Aden mpaka Zanzibar, ukaenda Msumbiji, ukafika Durban. Waingereza walikuwa vitani na Wazulu na walitaka habari ziwafikie haraka London. Mombasa ilirukwa. Sisi tuliunganishwa 1890, kwa waya kutoka Zanzibar, wakati Imperial British East Africa Company imeshapiga kambi hapa. Ujenzi wa reli ukaanza 1896, na waya ukaandamana na reli hadi ilipofika Kisumu 1901.

Neno simu lenyewe lina historia hiyo. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Wazee wetu waliliita jambo kwa kile walichokiona: uzi unaopita juu ya vichwa vyao, umebeba maneno ya watu wengine. Mvuvi wa Junda hakuwa na la kutuma London. Waya ulipita kwake, lakini haukuja kwa ajili yake. Shika hapo, tutarudi.

Miaka ya tisini katikati, intaneti ikaingia Kenya. Safari hii haikupita baharini, ilipita angani kwa setilaiti, na bei yake si mchezo. Mlango wa kwenda nje ulikuwa mmoja tu, Jambonet ya Telkom, na kila kampuni ya intaneti ilitakiwa kupitia hapo. Ukimtumia jirani yako barua pepe, na nyinyi mko kampuni mbili tofauti, ujumbe ulikuwa unaruka hadi ng'ambo ndio urudi nyumba ya pili. Mwaka 2000 kampuni hizo zikafungua kituo cha kubadilishana data Nairobi, KIXP, ili mambo ya hapa yabaki hapa. Hakikumaliza hata mwezi. Telkom walilalamika, kikafungwa, na kikaruhusiwa tena 2002. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa wateja wa saiba, unalipa kwa dakika huku ukurasa unafunguka nusu nusu.

Halafu ikaja 2009. Juni 12, waya wa TEAMS kutoka Fujairah, kule Emirates, ulifika Mombasa, na Rais Kibaki akaja mwenyewe Fort Jesus kuupokea. Serikali ilikuwa imechoka kungojea mradi mwingine, EASSy, uliokuwa unavutana na nchi nyingi, ikaamua kujenga wake pamoja na kampuni binafsi. Mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa. EASSy ikafuata 2010, LION2 2012, na baadaye DARE1 na PEACE. Zote hizo Mombasa.

Tena sisi ndio tunaojua ule waya ni kitu cha kweli, si hadithi. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliteremsha nanga pasipotakiwa, ikakata TEAMS, na intaneti ikazubaa nchi nzima na hata kwa majirani. Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima ikalia.

Sasa swali la mtaani: kama mlango ni wetu, mbona ndani hatuingii?

Jibu ni kwamba waya wa baharini si bomba la mtaa. Ukifika ufuoni unaingia kwenye kituo, kutoka hapo unaenda kwa njia kuu za kampuni, kisha kwenye nguzo, mara nyingi zile zile za stima, kisha kwenye kisanduku kinachogawa uzi mmoja kwa nyumba nyingi, mara nyingine 32 au 64. Kipande hiki cha mwisho ndicho ghali. Kampuni inahesabu: kwa kisanduku hiki, wangapi watalipa kila mwezi bila kukosa? Nyali yenye maghorofa, hesabu inakubali haraka. Mtaa wa vibarua wa siku, hesabu inasitasita. Ni hesabu ile ile ya 1890: waya huenda penye biashara, na wanaoishi njiani wanauangalia ukipita.

Maoni yangu ni kwamba hesabu hiyo tunaweza kuibadilisha wenyewe, kwa sababu nyumba zetu zimejengwa kwa kushirikiana tangu mwanzo. Chukua nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita, tatu huku tatu kule. Ile ni laini moja! Ruta ikae ukumbini, juu, si ndani ya kabati la chumba cha mwisho, maana kuta zetu nene hula mawimbi. Bili moja, wapangaji sita, mmoja anakusanya pesa kabla ya tarehe. Mwenye nyumba naye aombwe ruhusa mapema, maana fundi akikuta mzozo wa kutoboa ukuta anaondoka zake. Na msiende kuomba nyumba moja moja. Andikeni majina ya uchochoro mzima, mpeleke orodha. Kampuni ikiona wateja ishirini kwa nguzo moja, inaongea lugha nyingine.

Kuhusu wale vijana wanaochukua laini moja wakaigawa mtaa mzima kwa malipo ya siku: wanasaidia watu, lakini kuuza intaneti bila leseni ni kosa kisheria, na siku wakifungiwa mtaa mzima unalala giza. Njia halali ipo. Mamlaka ya Mawasiliano iliweka utaratibu wa leseni za mitandao ya kijamii ya mtaa mwaka 2021, na kule Kibera TunapandaNET wameonyesha kwamba watu wa mtaa wanaweza kuendesha mtandao wao. Kisauni imekosa nini? Mafundi tunao, kiu tunayo, na bahari iko pale.

Kwa sababu bila hivyo, mwanafunzi wa Mishomoroni ataendelea kushindana na wa Nyali, mmoja ana mwezi mzima na mwingine ana saa ishirini na nne zinazohesabika. Wote wawili wanaishi jirani na waya ule ule. Miaka zaidi ya 130 tumekuwa njia ya maneno ya watu wengine, na mimi naona inatosha. Kesho ukitoka, hesabu nguzo za uchochoro wenu, kisha mgongee jirani mlango.