NANI ANASOMA, NANI ANALIPA?
Historia ya Masharti ya Fedha katika Elimu ya Juu Tanzania

Utangulizi

Katika nchi yo yote, swali la nani asome na kwa fedha ya nani ni swali la siasa kabla halijawa swali la hesabu. Serikali haina shamba la fedha. Shilingi inayomlipia kijana chakula chake chuoni imetoka katika pamba ya mkulima, katika kodi ya mfanyakazi wa kiwandani, na katika ushuru anaoulipa mama wa kijijini kila anunuapo sukari au mafuta ya taa. Mama huyo huenda hatakanyaga chuo kikuu maisha yake yote. Hata hivyo yeye ndiye mlipaji.

Siku hizi vijana wengi wanayaona masharti ya kupata fedha ya masomo kama jambo la fomu, mihuri na tarehe za mwisho. Kada naye mara nyingi huyaona hivyo hivyo. Hilo ni kosa. Masharti hayo yana historia, na kila kipindi cha historia hiyo kilitoa jibu lake kwa swali moja: aliyesomeshwa kwa jasho la umma analirudishaje jasho hilo? Makala haya yataeleza majibu hayo kwa utaratibu wake, kisha yataeleza wajibu wa kada katika kipindi hiki tulicho nacho.

Kipindi cha Kwanza: Msaada wenye Ahadi ya Utumishi

Ukoloni ulituachia elimu ya ada, iliyogawanywa kwa rangi. Chuo chetu cha kwanza cha kiwango cha chuo kikuu kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika kumi na watano. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Taifa lilihitaji waganga, wahandisi, mahakimu na walimu, na wazazi wenye uwezo wa kumlipia mtoto gharama za chuo walikuwa wachache mno. Ingeachwa kazi hiyo mikononi mwa wenye fedha, uongozi wa nchi huru ungekuwa urithi wa watoto wao.

Kwa hiyo Serikali ilibeba gharama. Lakini haikuzibeba bure. Mwanafunzi aliyepata msaada alifungwa na ahadi ya kuitumikia nchi kwa miaka mitano baada ya kuhitimu, katika kazi iliyopangwa kufuatana na mahitaji ya taifa. Malipo yake yalikuwa utumishi, wala si fedha.

Mwalimu Nyerere alilifafanua jambo hilo mwaka 1964, ulipokuwa ukielezwa Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyekabidhiwa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila kisha asirudi, amekuwa msaliti. Mfano huu ndio msingi wa falsafa nzima ya kipindi kile. Mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa mteja anayenunua elimu, wala maskini anayehurumiwa. Alikuwa mjumbe aliyetumwa.

Mgogoro wa 1966

Je, mjumbe alijiona kuwa mjumbe? Jibu lilipatikana tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wapitie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka miwili, sehemu ya muda huo kambini, na sehemu kubwa kazini wakipokea fungu tu la mishahara yao. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Walidai masharti ni magumu mno, na yako mabango yaliyosema hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Karibu wanafunzi 400 waliamriwa kurudi makwao. Siku ile ile Rais alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Tusilisome tukio hilo kama hadithi ya vijana watukutu na mzazi mkali. Lilionyesha ukweli mzito: kwamba elimu iliyolipiwa na wakulima inaweza kumzalisha mtu anayejiona anawadai wakulima. Vile vile lilionyesha kwamba huwezi kumtaka kijana ajinyime ikiwa viongozi hawajinyimi. Miezi minne baadaye, Februari 1967, lilikuja Azimio la Arusha, na mwezi Machi Elimu ya Kujitegemea. Wanafunzi wengi waliofukuzwa waliruhusiwa kurejea masomoni.

Azimio la Musoma

Jibu la pili lilitolewa Novemba 1974. Azimio la Musoma lilikata njia ya moja kwa moja ya kutoka Kidato cha Sita kwenda chuo kikuu. Kijana alitakiwa kwanza amalize Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na maoni ya mwajiri wake na ya Chama mahali alipo. Kufaulu mtihani pekee hakukutosha tena. Gharama ziliendelea kulipwa na umma, lakini umma sasa ulitaka kumjua mtu kabla ya kumsomesha.

Azimio hili lilikuwa na nguvu yake. Madarasani waliingia watu waliokwisha kuonja kazi, na swali la mwanafunzi aliyewahi kusimamia ghala la pamba si sawa na swali la aliyetoka bwenini jana. Lakini kada mkweli hana budi kutaja pia upungufu. Idadi ya wanawake ilishuka, kwa sababu msichana aliyeingia kazini miaka miwili mara nyingi aliolewa, akazaa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Haikupita miaka mingi wanawake wakaondolewa sharti hilo, na baadaye likalegezwa pia kwa masomo ya sayansi na ufundi, ambako nafasi zilikosa watu. Funzo ni hili: sharti linaweza kuwa zuri katika maandishi na bado likamwumiza yule yule lililokusudiwa kumwinua, kama hatukuangalia hali halisi ya maisha yake.

Upungufu wa pili ulikuwa katika barua ya maoni. Thamani ya barua hiyo haikuzidi uaminifu wa mkono ulioiandika. Jambo hili tutalirudia.

Kuchangia Gharama

Mwishoni mwa miaka ya sabini uchumi ulipata mapigo mfululizo: bei ya mafuta ilipanda, bei za mazao yetu zilishuka, na vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin vilimeza akiba. Mwaka 1986 nchi ilifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Mwaka 1988 Serikali ilitangaza kwamba wazazi na wanafunzi watachangia gharama za elimu ya juu.

Sera hiyo ilitekelezwa kwa hatua katika miaka ya tisini. Kwanza mwanafunzi alianza kujilipia nauli, kujiandikisha na gharama nyingine ndogo ndogo. Kisha chakula na malazi viliwekwa katika mchango wake, na kuanzia mwaka 1994 Serikali ilitoa mikopo kwa ajili hiyo. Hatua iliyofuata ilihusu ada yenyewe, vitabu na mahitaji ya mafunzo.

Hapa neno limebadilika, na neno likibadilika fikra nazo hubadilika. Msaada umekuwa mkopo. Deni la utumishi limekuwa deni la shilingi. Tena kwa miaka kumi ya mwanzo mikopo ilitolewa bila chombo madhubuti cha kuidai, na wengi waliichukua kama zawadi.

Bodi na Masharti ya Leo

Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Ilipewa kazi mbili: kukopesha, na kukusanya madeni yote ya tangu 1994. Zanzibar nayo iliunda bodi yake kwa sheria ya mwaka 2011.

Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mwombaji awe Mtanzania asiyezidi umri wa miaka 35, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa, na asiwe na mshahara au kipato kingine cha kumsomesha. Kisha hupimwa uhitaji wake. Wanaotangulizwa ni yatima, wenye ulemavu au wenye wazazi walemavu, na watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF. Ushahidi ni karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa, na fomu iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Matokeo ya kipimo ndiyo yanayoamua kiasi, kwa hiyo majirani wawili darasani wanaweza kupata asilimia tofauti. Jambo hilo halikupokelewa kimya. Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waligoma kupinga sharti la kujilipia asilimia 40.

Malipo nayo yana njia zake. Ada haipiti mkononi mwa mwanafunzi, huenda chuoni moja kwa moja. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, hutolewa kwa mafungu baada ya mwanafunzi kujisajili na kuthibitisha kwa saini au alama ya kidole. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Anayeendelea na masomo hulipwa baada ya chuo kupeleka matokeo yake, na chuo kikichelewa, tumbo la mwanafunzi ndilo linalosubiri.

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Mwajiri hukata mshahara kwa nguvu ya sheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi: mwalimu wa shilingi 800,000 aliyekuwa akikatwa 64,000 akawa anakatwa 120,000. Juu ya hapo ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyolifanya deni likue wakati mdaiwa akilipa. Wafanyakazi walilalamika kwa miaka, na mwaka 2021 tozo hiyo ilifutwa, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa.

Swali Limegeuka

Tukiyaweka majibu haya pamoja tunaona mageuzi makubwa. Zamani umma ulimwuliza kijana: utatutumikiaje? Leo unamwuliza: je, wewe ni maskini kiasi gani? Swali la pili si baya. Idadi ya wanafunzi imekua mara nyingi, na fedha isiyotosha wote ni haki imfikie kwanza asiye na kitu. Lakini lina hatari mbili. Ya kwanza, anayemaliza kulipa makato hudhani hana tena deni kwa jamii. Ya pili, umaskini umekuwa hati, na hati hununulika.

Nitoe mfano. Zamani kidogo, nikiwa kiongozi wa vijana katika kata moja, walikuja ofisini waombaji wawili siku moja. Msichana wa kwanza baba yake alikuwa amefariki na kuzikwa pale pale kijijini. Sote tulikuwa mazikoni. Hakuwa na cheti cha kifo, kwa sababu hakuna aliyeandikisha kifo kile. Akaambiwa afuate cheti wilayani. Wa pili alikuwa kijana ambaye baba yake alikuwa na lori. Aliletewa barua inayomtaja kuwa analelewa na bibi asiye na kipato. Muhuri uligongwa, kwa ajili ya ujirani mwema. Mimi nilikuwa nimekaa benchi lile lile, nikanyamaza. Kijana alipata mkopo. Msichana alipata cheti baada ya tarehe ya mwisho kupita, akakaa nyumbani mwaka mzima akiuza vitumbua.

Hakuna kanuni ya Bodi iliyokosewa siku ile. Aliyekosa ni sisi.

Hitimisho: Wajibu wa Kada

Kwanza, kada ahakikishe kwamba vizazi na vifo vya mahali pake vinaandikishwa vinapotokea, asisubiri mtoto afike Kidato cha Sita. Pili, muhuri wa kijiji uheshimiwe. Anayeugonga kwa uongo anakichukua chakula cha mtoto mmoja na kumpa mwingine, na hana haki tena ya kulaani ufisadi wa wakubwa. Tatu, awafundishe vijana mapema masharti yote, ya kupata na ya kurejesha, ili asiwepo anayesaini asichokielewa. Nne, mhitimu arejeshe, maana marejesho yake ndiyo bumu la mdogo wake. Mahali penye sharti linaloumiza, aseme wazi katika vikao kama wafanyakazi walivyoisema tozo ile hadi ikafutwa.

Ule mfano wa kijiji chenye njaa haujapitwa na wakati. Kilichobadilika ni kwamba leo anayepewa chakula anaandikiwa na deni lake katika daftari. Deni la daftari litakwisha siku moja. Deni la wale waliobaki kijijini wakisubiri chakula halifutwi kwa makato ya mshahara, na kazi ya elimu ya siasa ni kumkumbusha msomi kwamba bado wanasubiri.