Ushindi wa Kwanza: Wacheza Kamari wa Vitabuni na Mwaka 1991 wa Nchi Yetu

Watu wengi hudhani kwamba mcheza kamari huanguka siku anaposhindwa. Waandishi walioijua kamari kwa karibu husimulia vingine. Katika vitabu vyao mtu huanguka siku anaposhinda, na kushindwa huja baadaye tu, kama mdai ajaye kuchukua kilicho chake. Tumependa kuwaeleza vijana wa parokia zetu habari za watu wawili wa namna hiyo, wote wa kubuniwa, kisha tuutazame mwaka mmoja wa historia yetu wenyewe.

Wa kwanza ni Hermann, katika hadithi ya malkia wa shupaza aliyoitoa Aleksandr Pushkin huko Urusi mwaka 1834. Hermann ni ofisa kijana wa wahandisi wa jeshi, mwangalifu, mwenye kutunza kila senti ya mshahara wake. Huwatazama wenzake wakicheza karata hadi alfajiri, wala yeye hagusi hata moja. Mtu angesema yu salama. Lakini anasikia habari za kikongwe mmoja wa ukoo bora ajuaye siri ya karata tatu zisizoshindwa, na tangu saa ile hana tena usingizi. Anamdanganya kwa barua za mapenzi binti maskini aliyelelewa na kikongwe huyo, ili apate njia ya kuingia nyumbani. Anamtisha mzee kwa bastola isiyo na risasi, naye anakufa kwa hofu. Kisha mzimu wake unamtajia karata: tatu, saba, ree. Usiku wa kwanza anaweka rubli 47,000, anashinda. Usiku wa pili anaweka zote pamoja na faida, anashinda tena. Usiku wa tatu anadhani ameshika ree, kumbe mkononi mwake yumo malkia wa shupaza. Pushkin anamwacha katika hospitali ya wendawazimu, chumba namba 17, akizitaja karata zile bila kukoma.

Wa pili aliandikwa na mtu aliyeungua kwa moto uleule. Fyodor Dostoyevsky aliijaribu ruleti, lile gurudumu la namba lenye kijipira, huko Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1863. Alishinda, na muda si mrefu akapoteza. Mwaka 1865, akisongwa na madeni yake na ya marehemu kaka yake, alitia sahihi mkataba wa ajabu: asipotoa riwaya mpya kufika tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji angevichapa vitabu vyake kwa miaka 9 bila kumlipa chochote. Mkataba huo nao, kwa maoni yetu, ulikuwa kamari. Mwezi wa Oktoba alimsomea riwaya yake mwandishi wa hati mkato, binti aitwaye Anna Snitkina, wakaimaliza kwa siku 26. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa.

Katika riwaya hiyo, *Mcheza Kamari*, yumo bibi mzee ambaye jamaa zake wanangojea afe ili wamrithi. Anawasili akibebwa kitini, anaweka pesa juu ya sifuri, anashinda, na wote wanamshangilia. Baadaye anarudi mezani na kumaliza mali nyingi. Yumo pia Alexei, kijana mwalimu wa watoto, ampendaye Polina. Usiku mmoja anashinda fedha nyingi ili kumwokoa, lakini asubuhi Polina anamtupia noti usoni. Naye Alexei? Anakwenda Paris na mwanamke mwingine kuzitapanya. Mwishoni, rafiki yake Mwingereza anamfunulia kwamba Polina alimpenda kweli, kisha anampa vipande kumi tu vya dhahabu. Angempa pauni elfu moja kama angekuwa na hakika kwamba ataacha kucheza na kurudi kwao, lakini hana hakika hiyo. Alexei anabaki akihesabu atakavyoshinda kesho.

Nasi tulikuwa na Hermann wetu, maelfu kwa maelfu, katika Zaire ya mwaka 1991. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines ukaporomoka nao. Katika miji ya shaba kama Kambove, ambako tangu siku za Union Minière watu walizoea mshahara na posho, kila mmoja alielewa maana yake. Bei zilikimbia kuliko mishahara. Wakati huohuo jijini Kinshasa ilivuma Bindo Promotion: weka fedha zako, ungoje majuma kadhaa, zirudi zimezidishwa mara nyingi. Haikuwa na meza wala karata, lakini ilicheza kwa mioyo ileile. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa fedha za waliofuata, na furaha yao ndiyo iliyokuwa tangazo lake kubwa. Mwalimu, askari, mchuuzi wa sokoni, wote walipanga foleni. Kabla mwaka haujaisha Bindo ilikuwa imeanguka. Mwezi wa Septemba wanajeshi wasiolipwa vema walianza uporaji jijini Kinshasa, na mwezi uliofuata uporaji ukafika Lubumbashi. Hatusemi kwamba Bindo peke yake ndiyo iliyoleta haya, maana nchi ilikuwa imekwisha kuoza kwa sababu nyingi. Lakini akiba ya nyumba nyingi ilikuwa imekwisha kutoweka.

Leo kijana wa Kambove huweka pesa juu ya matokeo ya mpira wa Ulaya kwa simu yake, mara nyingine pesa za karo ya mdogo wake. Ukimwuliza amepoteza kiasi gani, hatajua. Mwulize alishinda lini mara ya kwanza: atakutajia siku, timu na mabao.

Katika hao wote tuliowataja, mmoja alitoka. Mwezi wa Aprili 1871, huko Wiesbaden, Dostoyevsky alipoteza fedha ambazo Anna alikuwa amemtumia kwa nauli ya kurudi. Alimwandikia mkewe kwamba basi, amekwisha kuacha. Alikuwa amemwandikia hivyo mara nyingi. Safari hiyo hakurudi tena mezani, hadi alipofariki mwaka 1881.