Vyungu vya Jebel Ali: kweli Ghuba ilinunua tu?



Wasomi wenzetu wengi hupenda kusema kwamba nchi za Ghuba hazikubuni kitu viwandani, zilinunua tu kwa fedha za mafuta. Hebu tukitazame kiwanda cha aluminiamu pale Jebel Ali.

Dubai Aluminium (Dubal) iliundwa 1975 na kuanza kuzalisha 1979, mwaka uleule bandari ilipofunguliwa. Hapo ni kweli walinunua: vyungu vilikuwa vya Kaiser ya Marekani. Njia yenyewe, ya Hall na Héroult, ni ya 1886. Unga wa alumina huyeyushwa ndani ya kriolaiti yenye joto la nyuzi 960 hivi, kisha umeme huitoa aluminiamu.

Sasa shida. Ndani ya chungu hakuonekani: juu kuna ukoko, na majimaji yale hula karibu kila kipimio unachotumbukiza. Alumina ikipungua mno, volti hupanda ghafla kutoka 4 na kitu hadi 30 na zaidi, na chungu hutoa gesi za kaboni na florini zinazodumu angani maelfu ya miaka. Zamani viwandani mtu alivunja ukoko, akamwaga alumina, akachomeka mti mbichi na kukoroga mpaka chungu kitulie. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Kompyuta nayo haioni. Inachopata bila kukoma ni volti na mkondo wa umeme tu, yaani ukinzani. Lakini ukinzani huwa wa chini kabisa alumina ikiwa asilimia 3 au 4 hivi. Ikipungua zaidi, ukinzani huanza kupanda. Basi programu hukinyima chungu chakula makusudi, hutazama ukinzani unapanda kwa kasi gani, halafu hukilisha kwa wingi kabla hakijaharibikiwa. Kisha inaanza upya, usiku na mchana, chungu kwa chungu.

Kazi hiyo ya kusoma na kulisha, pamoja na umbo la chungu chenyewe, Dubal hawakuiacha kwa wageni. Walianza na Comalco ya Australia wakapata CD20, kisha wakabuni DX yao. Safu ya vyungu 40 iliwashwa Jebel Ali 2008. Mwaka 2014 wakaungana na EMAL ya Abu Dhabi kuwa Emirates Global Aluminium. Na 2016 Alba ya Bahrain, iliyokuwa ikizalisha tangu 1971, ikachukua leseni ya DX+ Ultra kwa safu yake ya sita. Mkongwe akanunua kwa mdogo wake!

Nitabishiwa kwamba wahandisi wale si Waemirati peke yao. Sawa, lakini wa Kaiser nao walikuwa Wamarekani watupu? Muhimu kwangu ni kwamba mwenye kiwanda alitenga vyungu vya kujaribia, akakubali hasara ya majaribio, na akabaki na haki ya kuuza matokeo. Mozal ya Msumbiji, jirani zetu, ilianza 2000 kwa vyungu vya Pechiney ya Ufaransa.