Nakala ya Mkulima: Kahawa ya Kihanga na Historia ya Kumbukumbu Zinazopotea

Siku hizi ni vigumu kuhudhuria warsha ya "mageuzi ya kidijitali" bila kuambiwa kwamba kumbukumbu za taasisi sasa ziko salama kwa kuwa zimepelekwa kwenye wingu. Mtoa mada huonyesha mchoro wa seva, mishale hupanda juu, washiriki huandika kwenye shajara walizogawiwa, kisha wote huenda kunywa chai. Mara chache sana huulizwa swali ambalo karani yeyote wa chama cha msingi cha kahawa katika miaka ya 1950 angeliuliza mara moja: nakala ya mwenye mali iko wapi?

Ningependa kulijadili swali hilo kwa kusimama Kihanga, kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, mahali ambapo kahawa na migomba ndiyo uchumi wenyewe. Sichagui Kihanga kwa sababu ina kituo cha data. Naichagua kwa sababu mkulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa ameishi na suala la nakala ya akiba kwa vizazi kadhaa, na historia yake inafundisha mengi kuliko vijitabu vya wauzaji wa programu.

Tuanze na jinsi kahawa ilivyouzwa chini ya ushirika. Mkulima alipeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, ikapimwa, akalipwa malipo ya awali. Chama kiliikabidhi kahawa hiyo kwa chama kikuu, ikakobolewa, ikauzwa, na baada ya miezi kadhaa mkulima akatarajia malipo ya pili kulingana na bei iliyopatikana. Katika kipindi chote hicho cha kungoja, kahawa haikuwa mikononi mwake tena, na fedha hazikuwa zimefika. Alichobaki nacho ni stakabadhi. Ile karatasi ndiyo iliyokuwa deni lenyewe.

Ndiyo maana stakabadhi iliandikwa kwa karatasi ya kaboni. Nakala moja ilikwenda na mkulima nyumbani, nyingine ilibaki kitabuni kwa karani, na jumla zake zilipanda hadi kwenye leja za chama kikuu mjini. Wataalamu wa leo wa kuhifadhi data hufundisha kanuni ya tatu-mbili-moja, ambayo hunasibishwa na mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na mahali pa kazi. Stakabadhi ya kahawa ilikuwa imeikaribia sana kanuni hiyo, tena ikaongeza jambo ambalo kanuni yenyewe hailisemi. Nakala ya mbali ilikuwa mikononi mwa mtu mwenye masilahi tofauti na mtunzaji wa kwanza. Karani hakuweza kubadilisha kilo kimyakimya, kwa kuwa kilo zilezile zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku la mkulima.

Busara hiyo haikuletwa na kaboni. Historia ya ufalme wa Karagwe haikuwa imeandikwa popote pale John Hanning Speke na James Grant walipopokewa na Mukama Rumanyika mwaka 1861, wala Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876. Ilibebwa na watu, na si mtu mmoja. Serikali huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, ikulu kama taasisi ilikoma, lakini Israel Katoke aliweza bado kukusanya masimulizi ya wazee na kuchapisha kitabu chake kuhusu ufalme wa Karagwe mwaka 1975. Mtunzaji mkuu alikuwa ameondoka, na nakala zikawepo kwingine. (Vitabu vya Speke na Stanley navyo ni nakala za aina yake, zenye upofu wote wa mgeni anayedhani amegundua alichoonyeshwa.)

Sasa tuyatazame maafa. Tukisikia neno hilo tunawaza moto na mafuriko, ilhali pigo kubwa kwa kumbukumbu za wakulima wa Tanzania lilitoka kwenye amri. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Chama kikuu cha Bukoba, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1950, kilitoweka pamoja na vingine, na biashara ya zao ikahamia kwa Mamlaka ya Kahawa. Ofisi, magari na maghala huhamishika kwa barua moja. Kumbukumbu hazihamishiki hivyo, kwa kuwa leja haina maana bila karani aliyejua kuisoma, na dai la mwanachama halina mlipaji iwapo aliyedaiwa amefutwa. Sheria mpya ya ushirika ikaja mwaka 1982, vyama vikuu vikarejea katikati ya muongo huo, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake kikuu, KDCU. Tunausoma mfululizo huo kama historia ya sera. Nadhani tuusome pia kama historia ya mfumo uliozimwa ghafla bila mpango wa kuurejesha, ukawashwa tena miaka mingi baadaye huku watumiaji wakitakiwa kuanza upya.

Miaka miwili baada ya amri hiyo ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Eneo lililokaliwa lilikuwa kaskazini mwa mto, kwa hiyo Karagwe haikutekwa, lakini somo lilikuwa umbali wa kutembea. Upande ule wa mto mifugo iliporwa, nyumba zikachomwa, kiwanda cha sukari kikaharibiwa. Mtu anayekimbia na watoto habebi kabati la majalada. Huko, karatasi iliyokuwa na nakala ng'ambo ya mto ilikuwa na nafasi ya kuishi, na ile isiyokuwa nayo haikuwa na nafasi hiyo.

Kisha tarehe 10 Septemba 2016 ardhi yenyewe ikatikisika. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17, likabomoa maelfu ya nyumba, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibiwa vibaya. Ofisi inayotunza kila kitu katika chumba kimoja, iwe kwenye faili au kwenye kompyuta, hutofautiana na nyumba ya udongo kwa jambo moja tu: nyumba hujengwa upya.

Lipo hata hivyo jambo lililo baya kuliko kupotea kwa nakala, nalo ni nakala moja kubaki kwa upande mmoja tu. Wasomaji wa Kagera wanalijua neno butura: mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, na mnunuzi huandika deni kwenye daftari lake. Serikali imeipiga vita butura kwa sababu ya bei, na ni haki. Itazame pia kama suala la kumbukumbu. Daftari ni moja na mwenye daftari ndiye mdai. Mavuno yakifika, ukweli ni ule alioandika yeye.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu kuhusu mifumo mipya. Sina ugomvi na kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao mfumo wa kusimamia vyama, MUVU, na ni jambo jema hesabu za chama kuonekana na msimamizi aliye mbali badala ya kufungiwa ndani ya droo. Lakini tunapoondoa kitabu cha kaboni na kuweka skrini, ni lazima tuulize kama nakala ya tatu, ile ya sanduku la mkulima, imehamishiwa mahali popote au imefutwa bila kutajwa. Ujumbe mfupi wa simu si stakabadhi iwapo simu ikiibwa chama hakiwezi, au hakitaki, kuutoa tena.

Tusidhani pia kwamba ukubwa ni kinga. Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, nchi inayotajwa kila mara kama mfano wa serikali mtandao. Hifadhi ya pamoja ambamo watumishi wa umma waliagizwa kuweka kazi zao ilikuwa na terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya kituo hicho, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Iliteketea yote.

Linganisha na kampuni ya meli ya Maersk. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichosambaa kutoka Ukraine kilifuta kompyuta zake dunia nzima, zikiwamo seva zote zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Seva hizo zilikuwa zikinakiliana, kwa hiyo zilikufa pamoja. Ikabaki moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni kirusi kilipopita. Mtandao wa pale ulikuwa wa polepole mno kurusha data hiyo, na mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi asafiri hadi Nigeria, amkabidhi diski mwenzake uwanja wa ndege, naye aipeleke Uingereza. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na mgawo wa umeme na diski iliyobebwa mkononi. Msomaji wa Karagwe anaruhusiwa kutabasamu.

Ghana na Daejeon zinasema jambo moja kutoka pande mbili. Nakala inayofuata asili yake kwa kila pumzi hufa nayo. Inayofaa ni ile iliyo mahali pengine, isiyotegemea waya uleule. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Watanzania wengi waligundua kwamba wingu lina mzizi chini ya bahari. Chama ambacho kumbukumbu zake ziko Dar es Salaam au Ulaya pekee kilikuwa na nakala ya mbali siku hiyo, na hakikuwa na nakala ya karibu.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, Sheria Na. 3 ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka inawabana kuhusu majalada ya umma. Daftari la mizani la chama cha msingi ni mali ya wanachama, na ulinzi wake unategemea zaidi wanachama wenyewe. Wanaharakati nao wanayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayompa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazotunzwa na mwingine. Sijaona ikitumiwa na mkulima wa kahawa, na sioni kwa nini isitumiwe.

Wanafunzi wangu wanaotoka Karagwe na Kyerwa huniuliza wafanye nini wakirudi likizo. Nawaambia waende kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha wazazi wao na kuomba ajenda moja: kompyuta ya ofisi izimwe, kisha katibu aonyeshe, kutoka kwenye nakala iliyo kwingine, kilo alizopima mwanachama yeyote atakayechaguliwa ukumbini msimu uliopita. Mwanachama huyo aje na karatasi yake. Ni kazi ya nusu saa, na haihitaji mshauri mwelekezi.