Mtoto Mhamiaji Asiye na Mzazi: Sheria za Mpakani na Mafundisho ya Kanisa

Kila mjadala kuhusu mpaka wa kusini wa Marekani unapopamba moto, waamini hujiuliza kama Mkatoliki aweza kuunga mkono ulinzi mkali wa mipaka. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, mtoto afikaye mpakani peke yake hulifanya liwe zito zaidi. Hivyo ni vema tuanze na sheria yenyewe.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 humtambua mtoto asiyesindikizwa kuwa ni yule aliye chini ya miaka 18, asiye na kibali cha kuishi nchini humo, na asiye na mzazi wala mlezi wa kisheria huko awezaye kumtunza. Malezi yake yalikabidhiwa ofisi ya wakimbizi iliyo chini ya wizara ya afya, si askari wa mpakani. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya binadamu, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush, iliagiza watoto watokao nchi zisizopakana na Marekani wafikishwe kwa wizara hiyo ndani ya saa 72, na kesi zao zisikilizwe na hakimu. Watoto wa Mexico na Kanada waweza kurudishwa upesi, iwapo hawaonekani kuwa hatarini.

Katika mwaka wa serikali wa 2014, watoto zaidi ya 68,000 wa namna hiyo walikamatwa katika mpaka huo. Wengi walitoka Guatemala, Honduras na El Salvador, wakikimbia magenge na umaskini, au wakiwatafuta wazazi waliotangulia. Hapo wanasiasa waligawanyika. Wengine walisema sheria ya 2008 inawapa wasafirishaji haramu chambo cha kuwanasa wazazi. Wengine walijibu kwamba kuilegeza ni kumrudisha mtoto mikononi mwa wale aliowakimbia.

Kanisa halipuuzi hoja yoyote kati ya hizo. Katekisimu, namba 2241, hufundisha kwamba mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yawezavyo, kwamba serikali yaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba mhamiaji apaswa kuheshimu sheria za nchi impokeayo. Maaskofu wa Marekani na Mexico walirudia mizani hiyo katika barua yao ya pamoja ya mwaka 2003. Naye hayati Papa Fransisko aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya mwaka 2017 kwa ajili ya watoto wahamiaji.

Basi, twaweza kutofautiana kuhusu idadi ya askari au muda wa kesi. Hatuwezi kutofautiana kuhusu utu wa mtoto. Mwaka 2018 maelfu ya watoto waliofika pamoja na wazazi wao walitenganishwa nao, kisha serikali ikawahesabu kuwa hawana wasindikizaji. Maaskofu walikemea tendo hilo. Lakini huruma isiyo na uangalifu nayo hujeruhi: mwaka 2014 iligundulika kwamba vijana wa Guatemala walikuwa wamekabidhiwa kwa watu waliowatumikisha kwa nguvu katika mashamba ya kuku jimboni Ohio.

Tunaposikia sera mpya, ya chama chochote, tuulize: Je, mtoto atasikilizwa kabla ya kurudishwa? Atakabidhiwa kwa nani, na nani atamfuatilia? Je, atatumiwa kuwa onyo kwa wengine? Mtoto Yesu alivushwa usiku kwenda Misri, akiwa na Maria na Yosefu wa kumlinda. Watoto tunaowazungumzia hawana Yosefu wao njiani. Tuwaombee, na tuseme kwa ajili yao.